Mkono mfupi wa gia unagonga

SWALI: Nimefunga mkono mfupi wa gia kwenye Subaru Impreza ya gia tano. Ya tatu inaingia vizuri, ya nne inagonga chuma kabla haijakaa. Fundi anataka kuukata mkono kwa chini. Nimruhusu?

JIBU: Hapana. Ncha ya chini ikikatwa, ufupi wa mwendo wa mkono ulioununua unapotea. Gia ya nne huvutwa nyuma, kwa hiyo ncha ile huenda mbele. Tafuta mgongano huko. Zima injini, paka ncha grisi kidogo, ingiza gia zote pamoja na rivasi, kisha chungulia chini ya gari: grisi imebaki wapi? Mara nyingi ni ukingo wa bati la kuzuia joto la eksozi, au mpira wa chini uliojikunja. Bati lipigwe tupa milimita moja moja hadi pabaki nafasi ya milimita 3 hivi, maana giaboksi hutikisika kwenye mauntingi zake (mipira inayoishikilia). Usichomelee karibu na gololi ya mkono, yaani egemeo lake. Kikombe chake cha plastiki kitayeyuka. Bushi zilizolegea badilisha sasa hivi.

Gia kuwa nzito ni kawaida: mwendo wa mkono ukipungua asilimia 30, nguvu ya kusukuma hupanda kama asilimia 40. Usilazimishe, sinkronaiza (pete zinazolinganisha kasi ya gia) zitalika.