Je, virusi vya mafua na korona hupita kwenye chakula na maji?

Mleta mada anauliza kama virusi vya mfumo wa hewa vinaweza kumwambukiza mtu kupitia chakula au maji, na kama aanze kuchemsha maji kwa hofu hiyo. Mwaka 2020 nilikuwa mpishi katika jiko la taasisi, na swali hili lilitukosesha usingizi.

Mpishi mwenzetu, ambaye kazi yake ilikuwa kupakua, alikohoa asubuhi nzima akisingizia moshi, na kesho yake majibu yakaonyesha ana korona. Tukaamriwa kumwaga masufuria mawili ya chakula kilichokuwa bado kinafuka mvuke. Waliougua baadaye ni wanne waliokuwa wakinywa naye chai katika stoo isiyo na dirisha, barakoa zikiwa kidevuni. Kwa walaji hatukusikia mgonjwa, ingawa nakiri kwamba hakuna aliyewapima.

Virusi vya korona, kama vile vya mafua ya msimu (influenza), vimefunikwa na utando wa mafuta unaoharibiwa kwa urahisi na sabuni, joto la kupikia na klorini, na ambao hauhimili vizuri asidi ya tumbo wala nyongo. Norovirusi, vinavyoleta kuhara na kutapika, na virusi vya homa ya ini aina ya A havina utando huo, ndiyo maana hupita tumboni vikiwa hai na kuenea kwa chakula na maji machafu. Ni kweli kwamba vinasaba vya korona vilikutwa katika kinyesi na maji taka, lakini kipimo cha vinasaba hunasa hata mabaki ya kirusi kilichokwisha kufa.

Wengine hutaja Amoy Gardens, majengo ya Hong Kong ambako wakazi zaidi ya 300 waliugua SARS, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kirusi cha jamii ya korona, mwaka 2003. Uchunguzi ulielekeza kwenye mabomba ya maji taka: mikunjo ya bomba za sakafuni, ambayo hukaa na maji ili kuzuia hewa chafu, ilikuwa imekauka, na feni za bafuni zikavuta matone yenye virusi hadi ndani. Hata pale, basi, watu walivuta virusi kwa pua, hawakuvinywa.

Maji endelea kuyachemsha, ndugu yangu, ila kwa ajili ya kipindupindu na homa ya matumbo.