Uchumi ukibana, anza na zawadi

Ndugu, nimekuelewa: michoro unayo, mtaji mdogo, uchumi umebana, na hujui uanze kuuza fulana, vikombe au picha za ukutani zenye michoro hiyo.

Picha za ukutani ningeziweka kando kwanza. Mfuko ukikauka, pambo ndilo linalokatwa mapema. Zawadi mara nyingi haikatwi, mtu hutafuta ya bei nafuu tu. Watu bado wanazaa, wanaoana, wanahitimu. Kwa hiyo kikombe chenye jina la mtu, kadi au stika vina nafasi nzuri zaidi.

Fulana zinauzika, ila saizi huleta usumbufu wa kurudishiwa mzigo. Na chenye jina la mteja kikirudi, utamuuzia nani? Chukua malipo kabla, umwombe athibitishe tahajia kwa maandishi.

Usijaze stoo. Tafuta mchapishaji anayechapa oda ikiingia: faida kwa kipande ni ndogo, lakini pesa yako haifungwi. Agiza sampuli, kama ni fulana, ifue mara kadhaa uone rangi. Kwenye hesabu weka usafirishaji (kikombe ni kizito, tena huvunjika), makato ya jukwaa la mtandaoni unalouzia na kodi. Kikibaki kiduchu, achana nayo.

Nembo za timu na wahusika wa katuni usiguse bila leseni. Ukiwa na shaka, muulize mwanasheria wa hakimiliki kabla hujapakia mchoro.