Setilaiti zipo, sasa droni na kamera za majini za nini?

SWALI: Mhariri, watafiti wa pwani wanarusha ndege na droni, wengine wanazamisha kamera baharini, si wangetumia tu picha za setilaiti?

JIBU: Wanazitumia sana tu, setilaiti za Landsat zipo angani tangu 1972, ila kwenye picha zake za kawaida pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, inabeba eneo la mita 30 kwa 30, sasa ufukwe ukimegwa mita tano hapo utaona nini? Droni inapita chini, inapiga picha nyingi zinazopandana, kompyuta inaziunga inatoa umbo zima la ufukwe na vimo vyake, ukirudia baada ya dhoruba unajua mchanga kiasi gani umeondoka na umehamia wapi. Kimbunga Sandy 2012 kilipasua kisiwa cha Fire Island kule New York, ukiweka picha za angani za kabla na baada huhitaji hata maelezo. Ila angalia, picha moja ya maji kupwa na nyingine ya maji kujaa zitakudanganya mchana kweupe.

Majini ni habari nyingine. Sona inachora umbo la sakafu kwa mwangwi wa sauti, lakini kujua kama pale ni mchanga, mwamba au matumbawe hai inabidi kamera ishuke ikathibitishe, na hilo si dogo maana matumbawe ndiyo yanayovunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kwa watu. Maji yakiwa na tope basi tena, kamera haioni kitu, hapo unabaki na sona yako.