Kiwanja cha kata kwa fedha za umma: anzeni na ardhi, udongo na maji

Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa AFCON 2027, Arusha imepata uwanja mpya, na timu ya Mwanza, Pamba Jiji, ilirejea Ligi Kuu msimu wa 2024/25. Ndiyo maana vijiweni Mwanza watu hawachoki kuuliza: uwanja wetu mkubwa lini? Swali ni la haki. Ila mtoto wa miaka tisa wa Buhongwa au Igoma hajifunzii soka kwenye uwanja mkubwa wa CCM Kirumba. Anajifunzia kwenye kiwanja cha shule au cha mtaa anachofika kwa miguu, na hapo ndipo fedha kidogo za umma zinapoteketea kwa makosa yaleyale kila mwaka. Maelezo haya ni ya wenyeviti wa mitaa, walimu wa michezo na viongozi wa vilabu wanaotaka kiwanja kiingie kwenye bajeti na kidumu.

Kwanza ardhi. Viwanja vingi vikubwa nchini, CCM Kirumba kikiwamo, ni mali ya chama cha siasa, CCM. Uwanja wa Nyamagana ni wa Jiji. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu fedha ya halmashauri inayojenga kwenye ardhi isiyo ya halmashauri huzaa hoja za ukaguzi, na mradi hukwama katikati. Kwenye kata, kiwanja cha shule ya msingi kiko salama kuliko eneo la wazi ambalo halijapimwa. Nendeni kwa afisa ardhi, mwombe kuona mchoro wa mipango miji, hakikisheni eneo limeandikwa kuwa la michezo, kisha bikoni ziwekwe. Kijijini, uamuzi upite kwenye mkutano mkuu wa kijiji na muhtasari wake utunzwe. Bila karatasi hizo, fremu za maduka zitaanza kwenye kona ya kiwanja na hamtakuwa na la kuonyesha.

Kiwanja kamili ni mita 105 kwa 68. Ukiongeza mita tano za usalama kila upande unahitaji mita 115 kwa 78, yaani zaidi kidogo ya ekari mbili. Mwanza ni mji wa mawe, na mara nyingi ekari mbili tambarare hazipatikani. Msipasue mwamba ili kufikia 105. Sheria za mchezo zinaruhusu urefu kuanzia mita 90 na upana kuanzia 45. Kiwanja cha 95 kwa 60 chenye udongo mzuri kinalea wachezaji kuliko cha 105 kilichojaa changarawe. Kielekezwe kaskazini na kusini, la sivyo kipa mmoja atatazama jua machoni kila mechi ya jioni.

Kwa walio ufukweni, Igombe, Kayenze au visiwani, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Hata bila sheria, mwaka 2020 na tena 2024 ziwa lilipanda na kumeza maeneo yaliyodhaniwa kuwa nchi kavu.

Kuhusu fedha, kalenda ndiyo inayoamua. Mwaka wa serikali unaanza Julai 1, lakini bajeti yake hupikwa miezi mingi kabla. Wazo linalofika kwa mtendaji mwezi Machi limeshachelewa. Lianzieni kwenye mkutano wa mtaa Agosti au Septemba, lipande Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti, kisha halmashauri. Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, unafaa kwa kipande kidogo kinachokamilika, kama magoli, tangi la maji au choo. Watu wengi huuchanganya mfuko huu na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Ile ni mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haijengi kiwanja. Kikundi cha vijana kinaweza kukopa mashine ya kufyeka, kikalipwa kwa kutunza viwanja vya shule tatu au nne, na mkopo ukarudi.

Andiko lenu lisiombe jukwaa. Naliandika hili kwa mkazo, maana ndilo ombi la kwanza karibu kila mahali: jukwaa huonekana kwenye picha ya uzinduzi. Ombeni udongo, mifereji, maji, na kasma, yaani fungu la bajeti, ya matengenezo ya kila mwaka. Hiyo kasma ikikosekana, mengine yote ni ya miaka miwili.

Sasa kazi yenyewe. Kosa linaloua viwanja vingi hufanyika siku ya kwanza, greda linapoingia. Dereva husukuma udongo wa juu mpaka pembeni, anaacha tumbo la ardhi gumu, na wote wanafurahi kuona pamekuwa tambarare. Nyasi hazitamea hapo. Udongo wa juu ukusanywe kwanza kwenye lundo, ardhi ya chini isawazishwe na kushindiliwa, kisha udongo urudishwe. Kosa la pili ni kufukia kwa moramu, udongo wa changarawe wa barabarani, inayochuna magoti ya watoto na kuwa ngumu kama zege kiangazi. Kosa la tatu ni kusawazisha kabisa kama meza. Kiwanja kinahitaji mgongo: kutoka katikati kwenda pembeni kishuke asilimia 1. Kwa upana wa mita 68 hiyo ni sentimita 34 tu, mtazamaji haioni, lakini maji ya masika yanaiona na yanaondoka kuelekea kwenye mtaro.

Mkilazimika kununua udongo, pigeni hesabu kabla ya kusaini. Mita za mraba 7,140 kwa kina cha sentimita 10 ni mita za ujazo 714. Tipa la mita za ujazo tano litakwenda safari 143. Teueni mtu wa kuhesabu safari, kila moja na saini yake. Kazi ya greda na mifereji ifanyike kati ya Julai na Septemba, ukoka upandwe vuli zikianza, Oktoba au Novemba. Fedha zikichelewa hadi Mei, msipande kwa haraka. Fanyeni kazi ya udongo kiangazi na msubiri mvua za vuli.

Ukoka wa kienyeji unatosha. Vipandikizi vikiwa sentimita 30 kwa 30, mtahitaji karibu 79,000, kazi ambayo wanafunzi na vikundi vya vijana wanaiweza kwa siku chache. Kisha kiwanja kifungwe takribani miezi mitatu. Hapo ndipo ugomvi huanza, kwa hiyo tafuteni mapema mahali pengine pa kuchezea, na wekeni wigo dhidi ya ng'ombe na njia ya mkato ya bodaboda.

Maji ndiyo gharama isiyoandikwa. Kiangazi, milimita 5 kwa siku ni lita 35,700. Mkitaka kuvuta kutoka ziwani, ombeni kibali kwa Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, ofisi yake iko hapa hapa Mwanza. Mbolea, mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 unatosha kiwanja kizima kwa mzunguko mmoja. Imwagwe na kumwagiliwa maji papo hapo, mbali na mitaro, kwa sababu ikifika ziwani inalisha gugumaji.

Magoli ni mita 7.32 kwa 2.44. Bomba la nchi 4 linafaa, kwa kuwa unene wa nguzo usizidi sentimita 12. Goli la kuhamishika lifungwe chini kila mara. Likimwangukia mtoto linaua. Mistari yote ya kiwanja ni kama mita 720, na msitumie chokaa ambayo haijazimwa, inaunguza ngozi na macho.

Kiwanja kikishakomaa, kigaweni. Nusu mbili, kila moja ikikatwa mara mbili, zinatoa viwanja vinne vya mita 52 kwa 34 kwa watoto wa chini ya miaka 11, na mpira namba 4. Saa moja hivyo inagusisha mpira watoto zaidi ya hamsini, badala ya ishirini na wawili. Wasichana wapewe siku na saa zao kwenye ratiba iliyobandikwa, pamoja na choo kinachofungwa kwa ndani; bila hivyo wataacha kuja na mtasema hawapendi mpira.

Nyasi za asili huchoka zikichezewa zaidi ya saa sita hivi za mechi kwa wiki. Ndiyo sababu mashindano ya mbuzi yanayopanga mechi tatu kila siku kwa mwezi mzima huacha vumbi mbele ya magoli. Wekeni daftari: tarehe, timu, saa, mchango wa matumizi, hali ya nyasi. Waandaaji wa mashindano walipe kabla ya mechi ya kwanza, kwa risiti ya halmashauri au ya shule. Septemba, mkiingia tena kwenye mkutano wa mtaa kudai kasma ya mwaka unaofuata, daftari hilo liwe mezani.