Kachura ka kijani kwenye majani ya yungiyungi

Mkuu, hako kachura ulikokaona usiku juu ya jani la yungiyungi ukadhani ni katoto, aisee hako ni kakubwa tayari, ndo size yake. Kwa maelezo yako nadhani ni Hyperolius pusillus, anafika sm 2 hivi basi, na ngozi yake inapitisha mwanga, ukimkuta jike mwenye mimba mmulike na tochi utaona mayai tumboni kabisa.

Wanapatikana ukanda wa chini kuanzia Somalia, Kenya, Tanzania, Msumbiji mpaka Afrika Kusini, mabwawa ya wazi yenye mayungiyungi, msituni usihangaike. Kesho funua taratibu pale majani mawili yalipolaliana juu ya maji, mayai huwa wanayabandika hapo katikati, yametandazwa tabaka moja kama shanga. Ujanja wa hali ya juu ule!

Ila kama alikuwa juu kwenye matete na ni mkubwa kama mara mbili hivi, huyo mwingine, Hyperolius tuberilinguis, mayai anataga kwenye majani nje ya maji. Na usiwashike na mikono yenye dawa ya mbu, ngozi yao inafyonza kila kitu.