Kabla hujapakua sampo za watu, sikiliza kwenu kwanza

Wadogo zangu mnaoanza muziki wa sampo tupu, ule ambao kila mlio umekatwa kwenye sauti iliyorekodiwa, bila kinanda wala gitaa: mwaka wangu wa kwanza hapa Moshi niliumaliza kwa kupakua. Diski ilijaa maelfu ya mafaili. Kila nikikaa kufanya kazi nilikuwa nachagua tu mpaka kunakucha.

Nilichomoka siku niliyokwenda Kibosho wakati wa mavuno, nikarekodi mashine ya mkono ya kumenyea kahawa. Dakika nne, basi. Gurudumu linalia, buni zinadondoka kwenye ndoo ya maji, maganda yanatemwa pembeni. Wimbo mzima ulitoka humo, na ndipo nilipojifunza kazi yenyewe. Buni moja ikidondoka majini, ukiipunguza kasi kwa nusu inashuka oktava nzima, yaani noti ileile ila nene zaidi. Ishushe tena, una besi. Ule mlio wa gurudumu nilikata kipande cha sekunde 0.01 nikakirudia mfululizo. Marudio 100 kwa sekunde sikio haliwezi kuyahesabu, linasikia noti. Kinanda chako kimo humo humo!

Ila ukirekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, yaani kifaa kinaipima sauti mara 44,100 kila sekunde, kisha ukapunguza kasi mara nne, juu ya hertz (mitetemo kwa sekunde) 5,500 hivi hubaki na kitu, sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi. Kifaa kikiruhusu 96,000, tumia hiyo. Kata pale mchoro wa wimbi la sauti unapovuka mstari wa sifuri, la sivyo kila kipande kitaanza na "tak". Na usijitumie rekodi kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, inabanwa na kuharibika. Hamisha kwa waya.

Msiambiwe kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Mfaransa Pierre Schaeffer alitengeneza muziki wa sauti za treni Paris mwaka 1948, ni kweli, lakini miaka minne kabla yake Mmisri Halim El-Dabh alikuwa ameshabeba mashine ya kurekodia kwenye waya mjini Cairo, akarekodi sherehe ya wanawake ya kupunga pepo iitwayo zaar, akaenda kuichuja sauti hiyo studio za redio. Nilipolijua hilo niliacha kujiona mgeni kwenye kazi hii.

Nyimbo za wengine zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kwa hiyo kipande cha mtu kiombee ruhusa. Sauti ya mtu wa sokoni nayo iombe, hata kama hakuna wa kukushtaki. Niliwahi kumrekodi mama muuza ndizi wa Mbuyuni kimyakimya, nikaigeuza sauti yake kiitikio. Alipousikia wimbo aliniambia tu, "Mwanangu, ungeniomba." Iliniuma kuliko kama angenitukana. Niliufuta, nikarudi kumwomba radhi. Siku hizi yeye ndiye hunipigia simu: njoo haraka, leo mnoa visu yupo.