Binti mwenye kifafa kwenye riwaya ya jini mahaba: mwacheni apendwe alivyo

Juzi nimemaliza kurusha sehemu ya mwisho ya riwaya yangu kwenye magrupu, na msomaji mmoja wa Muheza akaniandikia: "Dada, tumelia sana, lakini kwa nini ruhani hakumponya Mwanaidi kifafa chake? Si ana uwezo?" Najua waandishi wenzangu wa hadithi za majini mnaulizwa hivyohivyo, basi nalijibu hapa kwa wote.

Mdogo wangu ana kifafa tangu yuko shule ya msingi. Kwetu Tanga tulimfukizia ubani, tukamwita mganga, akapungwa, kwa sababu kila aliyemwona akianguka alisema amepandisha. Miaka ya katikati naiacha. Kilichomsaidia ni vidonge vya hospitali, anavyomeza kila usiku mpaka leo.

Ndiyo maana nasema sisi tuna mzigo wetu. Msomaji wa Kiswahili akikutana na binti mwenye kifafa na jini kwenye ukurasa mmoja, kichwani ameshaviunganisha. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alipokuwa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto, kwa kuwa watu waliogopa mate ya aliyeanguka na hawakuthubutu kumgusa. Ukiandika kwamba jini ndiye aliyeleta kifafa, au ndiye aliyekiondoa, umewaunga mkono walioogopa kumtoa mtu motoni.

Vitenganishe waziwazi. Ruhani wangu huja na harufu ya udi. Kifafa cha Mwanaidi nacho huanza na harufu, maana wapo ambao hunusa kitu kisichokuwepo au hushikwa na hofu ya ghafla kabla ya kuanguka. Yeye hunusa mpira unaoungua. Mama yake hawezi kujua ni kipi kimekuja, shehe hawezi, mganga hawezi. Mwanaidi peke yake anajua. Riwaya nzima imesimama hapo, na najivunia hilo.

Halafu vidonge. Ruhani anapomchukua kwenda kwao chini ya bahari, begi la dawa linabaki kitandani. Dawa za kifafa zikikatwa ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu na lisikome. Sikuhitaji vita vya majini wala upanga wa moto, hofu ilikuwa tayari iko. Na penzi nililiweka palepale: jini mwenye miaka elfu anajifunza kumlaza mpenzi wake ubavu, kutomtia kijiko mdomoni, kutomnusisha kiberiti, na kumkimbiza hospitali ikizidi dakika tano.

Mhariri mmoja, simtaji, aliniambia, "Binti wa kifafa nani atamtaka? Mfanye kipofu, kipofu anapendeza." Neno hilo bado linaniuma. Wapo mabinti walioachwa wiki ya harusi kwa sababu jirani alikwenda kunong'ona kwa wakwe, nao wanasoma hadithi zetu usiku kwenye simu, wanalipia kila sehemu. Ukimponya shujaa wako ndipo aolewe, umewaambia wangoje kupona kwanza. Usiwafanyie hivyo. Mpe Mwanaidi wako wivu, tamaa, ulimi mkali, kazi ya kushona, mpe mahari ya kutosha, na kifafa chake kiwepo siku ya harusi kama kilivyokuwepo siku ya kwanza.

Na kabla hujarusha sehemu yenye kuanguka, mpe mwenye kifafa aisome, umlipe kwa muda wake. Mdogo wangu husoma zangu zote. Yeye ndiye aliyeniambia kuwa mtu akizinduka hatafuti macho ya mpenzi wake: kichwa kinamgonga, ulimi unamuuma alipojing'ata, anataka kanga kavu na watu watoke chumbani.